Kazi ya Muuguzi: Safari ya Taa za Ngozi kutoka Hospitali hadi Nyumbani, 1895–2019

Historia ya vifaa vya kutunzia ngozi nyumbani imezoeleka kusimuliwa kama historia ya uvumbuzi. Huelezwa nani alibuni taa gani, mwaka gani, na kwa umeme wa nguvu kiasi gani; mtumiaji hutajwa mwishoni tu, tena kama mnunuzi. Insha hii inafuata njia nyingine. Inafuatilia aina moja ya vifaa hivyo, yaani vile vinavyotumia mwanga, tangu vilipokuwa mali ya hospitali mjini Copenhagen mwishoni mwa karne ya 19 hadi vilipogeuka barakoa nyepesi zinazovaliwa chumbani kabla ya kulala. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: ile kazi iliyokuwa ikifanywa na watu waliosimama kando ya taa ilikwenda wapi? Hoja inayotetewa ni kwamba mwanga haukuwahi kufanya kazi peke yake. Matokeo yaliletwa na mwanga pamoja na utaratibu wa kila siku: kusafisha ngozi, kupima muda, kurudia bila kuruka siku, kulinda macho, kujikinga na jua, na kuweka kumbukumbu ya kilichoonekana. Kifaa kilipohamia nyumbani, utaratibu huo uliachwa mikononi mwa mtumiaji, mara nyingi bila yeye kuelezwa kwamba ameachiwa.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya vipimo vinavyotawala vifaa hivi iliwekwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na kosa dogo la mazoea ambalo kwa ngozi hiyo huleta wekundu wa siku mbili, kwa ngozi nyeusi huweza kuacha doa la miezi mingi.

Taa na mkono ulioishika

Niels Ryberg Finsen alizaliwa mwaka 1860 mjini Tórshavn, katika Visiwa vya Faroe, akasomea utabibu Copenhagen na kuhitimu mwaka 1890. Alisumbuliwa na maradhi sugu tangu ujana wake, na inaelezwa kwamba hali hiyo ndiyo iliyomfanya aanze kujiuliza kuhusu nguvu ya jua juu ya mwili. Mwaka 1893 alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mwanga mwekundu tu, ili miale mingine isizidishe makovu. Pendekezo hilo halikudumu. Lililodumu lilikuwa wazo la upande wa pili: kwamba miale inayoweza kudhuru ngozi huenda ikaweza pia, ikidhibitiwa, kuitibu.

Mwaka 1895 mhandisi mmoja mjini humo, Niels Mogensen, alikubali kuwa mgonjwa wa kwanza. Alikuwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa ambao wakati huo ulikula pua, mashavu na midomo taratibu, na kuwafanya wengi waliopatwa nao wajifiche mbele za watu. Finsen alimweka mbele ya mwanga wa tao la umeme wa kaboni, kikao baada ya kikao, kwa miezi kadhaa, hadi uso ukaanza kupona. Mwaka uliofuata taasisi ya tiba ya mwanga ilianzishwa mjini humo, na mwaka 1903 Finsen akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Alifariki mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 43.

Simulizi nyingi huishia hapo, kwenye taa na tuzo. Ni vyema hata hivyo kuitazama taa hiyo ilivyokuwa ikitumika. Katikati ya chumba, juu, palining'inia chanzo cha mwanga. Kutoka hapo ziliteremka darubini nne zenye lenzi za kwatzi, kila moja ikielekezwa kwa mgonjwa mmoja aliyelala kitandani, na kando ya kila mgonjwa aliketi muuguzi. Kazi ya muuguzi huyo haikuwa ya kuangalia tu. Finsen alikuwa amegundua kwamba damu iliyomo katika ngozi huzuia mwanga usipenye; aliwahi kuthibitisha jambo hilo kwa kuweka karatasi ya picha nyuma ya sikio na kuona kwamba mwanga uliifikia vizuri pale tu sikio lilipobanwa hadi damu ikatoka. Kwa hiyo kila muuguzi alishika kibanio cha kioo chenye maji baridi yanayopita ndani yake, akakikandamiza juu ya sehemu yenye ugonjwa ili damu iondoke na ngozi isiungue kwa joto. Alikishika hivyo kwa takriban saa nzima. Sehemu iliyotibiwa kwa kikao kimoja ilikuwa ndogo sana, kiasi cha sarafu, na uso mmoja ulihitaji vikao vingi. Baada ya hapo ngozi ilivimba na kutoa malengelenge, nayo ilipaswa kusafishwa, kupakwa dawa na kufungwa, hadi iwe tayari kwa zamu nyingine.

Kadhalika taasisi hiyo ilipiga picha za wagonjwa kabla ya tiba na baada yake, na kuhifadhi kumbukumbu zao. Bila picha hizo isingewezekana kujua kama sehemu fulani ya shavu imepona au imetulia tu, kwa sababu mabadiliko ya polepole hayaonekani na mtu anayejitazama kila siku.

Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye kwa asili alikuwa binti wa mfalme wa Denmark, aliipeleka taa ya aina hiyo katika Hospitali ya London, mtaa wa Whitechapel, mwaka 1900, wakati bado hajawa malkia. Sanamu yake ingalipo hapo hospitalini, na kwenye msingi wake pamechongwa taa hiyo ikiwa inatumika. Kilichovuka bahari, kwa hiyo, kilikuwa mtambo pamoja na namna ya kuutumia; hospitali iliyoipokea taa ililazimika kuwapata na kuwafundisha wauguzi wa kuishika.

Huko Leysin, Uswisi, tabibu Auguste Rollier alianza mwaka 1903 kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa na viungo kwa jua lenyewe, bila taa yoyote. Utaratibu wake unastahili kutajwa kwa sababu unaonyesha jambo lile lile likiwa limevuliwa mtambo. Siku ya kwanza mgonjwa aliianika miguu tu, kwa dakika chache. Siku zilizofuata muda uliongezwa kidogo kidogo na sehemu iliyoanikwa ikapanda juu, hadi mwili mzima ukazoea. Rollier hakuwa na siri nyingine zaidi ya hiyo hesabu ya dakika na uangalizi wa kila siku.

Taa bila muuguzi

Katika miongo miwili iliyofuata, taa ndogo za mvuke wa zebaki katika kioo cha kwatzi, zilizotengenezwa Ujerumani na baadaye kwingineko, zilirahisisha kila kitu. Hazikuhitaji chumba maalumu wala watu wanne wa kushika vibanio. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, taa za jua za mezani zilikuwa zikiuzwa kwa familia za Ulaya na Marekani kama kifaa cha afya na urembo kwa pamoja. Ilitosha kuchomeka waya ukutani.

Ni hapa ambapo mgawanyo wa kazi ulibadilika bila kutangazwa. Hospitalini, umbali kati ya taa na ngozi ulipimwa na mtu mwingine; nyumbani ulikisiwa na anayetibiwa. Hospitalini kikao kilikatizwa na muuguzi. Nyumbani kilikatizwa na mtumiaji mwenyewe, ambaye amefumba macho, amepata joto, na yuko karibu kusinzia. Waliosinzia waliamka wameungua. Waliovua miwani kwa kuona inawaachia alama nyeupe kuzunguka macho waliumia macho. Aidha miale ya urujuanimno haitoi maumivu papo hapo: mtu huona ngozi yake ni salama, akaongeza dakika tano, na madhara yakajitokeza saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo hata hisia ya mwili, ambayo mtu huitegemea anapooga maji ya moto au kupika, haikumsaidia mbele ya taa hiyo.

Jibu la mamlaka za Marekani lilichelewa, nalo lilikuwa la kimtambo. Kanuni za usalama wa taa za jua zilizotolewa mwaka 1979 zilitaka kila taa iwe na saa ya kuizima yenyewe na iuzwe pamoja na miwani ya kukinga macho. Yaani sehemu mbili za kazi ya muuguzi, kuhesabu dakika na kulinda macho, zilirudishwa ndani ya boksi. Sehemu nyingine hazikurudishwa, na hazingeweza. Saa ya kujizima haijui kwamba mtu yule yule amejianika jana, wala kwamba ameanza kumeza dawa inayoifanya ngozi isivumilie mwanga. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vifaa vya kubadili rangi ya ngozi kwa urujuanimno katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile lenye tumbaku. Kwa matumizi ya urembo, safari ya tawi hilo la taa ilikuwa imefika pabaya.

Tawi jingine linaweza kupitiwa kwa haraka. Kuanzia miaka ya 1910 nchini Marekani kiliuzwa kifaa kilichoitwa cha miale ya zambarau: kisanduku cha umeme wa masafa ya juu, uliotokana na majaribio ya Nikola Tesla, chenye vijiti vya kioo vilivyotoa cheche na harufu ya ozoni vilipopitishwa usoni. Vitabu vya maelekezo viliahidi kuponya chunusi, upara, baridi yabisi na magonjwa mengine mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilikuwa inavikamata. Kinachokipa kifaa hiki nafasi katika mjadala huu ni kwamba hakikudai chochote kwa mtumiaji. Hakikumtaka abadili mlo, usingizi, sabuni wala kofia, cheche zilitosha. Ahadi ya aina hiyo haijatoweka katika matangazo ya leo.

Wiki kumi na mbili

Mwanga uliorejea majumbani mwishoni mwa karne ya 20 ulikuwa wa aina tofauti. Mwaka 1967 mjini Budapest, tabibu Endre Mester alikuwa akijaribu leza hafifu juu ya panya walionyolewa manyoya. Alitaka kujua kama ingesababisha saratani. Badala yake aliona manyoya yakiota upesi zaidi pale palipoangaziwa. Katika miaka ya 1990 taa za LED zilizokuwa zikitumiwa na shirika la anga la Marekani, NASA, kukuza mimea zilijaribiwa katika uponyaji wa vidonda. Taa hizo zilikuwa baridi, za bei nafuu, na hazikuwa na urujuanimno. Kwa mara ya kwanza ilionekana kuna mwanga ambao mtu angeweza kukabidhiwa nyumbani bila hofu ya kuungua kama zamani.

Mwaka 2000 jarida la Uingereza la magonjwa ya ngozi lilichapisha jaribio ambalo hutajwa mno na wauzaji, ingawa si lote. Watu 107 wenye chunusi za wastani waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilitumia mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 415, la pili buluu pamoja na mwekundu wa nanomita 660, la tatu mwanga mweupe, na la nne krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Baada ya wiki 12, kundi la buluu na mwekundu lilikuwa limepunguza chunusi zenye uvimbe kwa wastani wa asilimia 76, matokeo bora kuliko ya makundi mengine.

Tarakimu hiyo ya 76 ndiyo inayosafiri. Ile ya 12 hubaki nyuma, pamoja na neno moja zito katika maelezo ya jaribio: washiriki waliangaziwa kila siku. Hawa walikuwa watu wanaofuatiliwa, waliojua kwamba tabibu atawahesabia chunusi katika ziara ijayo. Ziara hizo zilikuwa muuguzi wao. Mtu anayenunua taa ile ile na kuitumia Jumatatu, kisha Alhamisi, kisha baada ya harusi ya jirani, hatumii kilichojaribiwa mwaka 2000, hata kama kifaa chake kina urefu wa wimbi sahihi.

Sababu ya kudai kila siku inaeleweka. Bakteria wanaohusika na chunusi hutengeneza kemikali ziitwazo pofirini; mwanga wa buluu unapozigusa, hutokea oksijeni kali inayowaua bakteria hao. Lakini vinyweleo havibaki vitupu. Bakteria waliosalia huzaliana, mafuta ya ngozi huendelea kutoka, na kazi ya jana hufutika. Inafurahisha kwamba watafiti wa Denmark walioichunguza upya taa ya Finsen mwaka 2005 walifikia hitimisho linalofanana: lenzi zake zilizuia sehemu kubwa ya urujuanimno aliodhani ndio uliotibu, na inaelekea mwanga uliopita uliwaua vimelea wa kifua kikuu kwa njia hiyo hiyo ya pofirini. Finsen alikuwa sahihi kuhusu matokeo na amekosea kuhusu sababu. Utaratibu wake mkali ulimbeba hata pale nadharia ilipomwangusha.

Kutokana na utendaji huo mtu anaweza kuona ni mazoea gani yana maana na yapi ni mapambo. Kunawa uso kabla ya kuwasha taa kuna maana, kwa kuwa poda, mafuta mazito na losheni ya kukinga jua hukaa kati ya mwanga na ngozi. Losheni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kuzuia mwanga, nayo haitofautishi jua na barakoa. Sabuni ya kawaida isiyo na makali inatosha. Kusugua uso kwa nguvu, kwa imani kwamba chunusi ni uchafu, huichubua ngozi na kuongeza uvimbe ambao taa inajaribu kuutuliza. Kutotumbua chunusi kuna maana kubwa kuliko watu wanavyokubali: hakuna taa ya nyumbani inayofuta kovu lililochimbwa na kucha. Kupiga picha ya uso mara moja kwa wiki, dirisha lile lile na saa ile ile, ni kurithi kamera ya Copenhagen. Bila hiyo mtu huacha katika wiki ya tano akiamini hakuna kilichobadilika, au huendelea miezi minane na kitu kisichomsaidia.

Lililo gumu kuliko yote ni kujizuia. Tafiti za mwanga hafifu zimeonyesha mara nyingi kwamba faida hupanda pamoja na kipimo hadi kiwango fulani, kisha hushuka. Kipimo kikizidi mno, mwanga huweza kuzuia uponyaji ule ule uliokusudiwa. Mwenye taa hospitalini alilijua hilo kwa sababu aliandika dakika. Mwenye taa nyumbani, anayesubiri sherehe ya Jumamosi, huona dakika 20 ni bora kuliko 10, na vikao viwili ni bora kuliko kimoja. Mazoea yanayotakiwa hapa ni ya kuchosha: kiwango kile kile, saa ile ile, hata siku ambayo uso umependeza na hauonekani kuhitaji.

Liwa, somo na kipimo cha rangi

Mwambao wa Waswahili haukuwa ukisubiri barakoa za umeme ili uwe na kifaa cha ngozi cha nyumbani. Jiwe la kusagia liwa ni kifaa, chetezo ni kifaa, dodoki ni kifaa. Bibi harusi wa Unguja au Mombasa alisingwa kwa liwa iliyosagwa na kuchanganywa na marashi ya mawaridi, na kwa singo yenye viungo vya kunukia. Alifanyiwa hayo kwa siku kadhaa mfululizo akiwa ametiwa ndani, mbali na jua na moshi wa jikoni, akila na kulala kwa mpango, chini ya jicho la somo wake. Mtu akiuliza kilichong'arisha ngozi ile, jibu la haraka ni liwa. Jibu la makini lingeongeza siku zisizo na jua, usingizi, na mwanamke mzima aliyehakikisha kwamba hakuna siku iliyorukwa. Somo na muuguzi wa Copenhagen hawakukutana, lakini walishika nafasi moja.

Tofauti ni kwamba somo alikuwa na ujuzi wa ngozi iliyokuwa mbele yake, ilhali vifaa vya kisasa vilikuja na kipimo kilichotoka kwingine. Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani Thomas Fitzpatrick alibuni namna ya kuzigawa ngozi kwa kuuliza zinaungua kiasi gani na zinabadilika rangi kiasi gani juani. Lengo lilikuwa kukadiria kipimo cha tiba ya urujuanimno kwa wagonjwa weupe, na madaraja ya mwanzo yalikuwa manne. Daraja la tano na la sita, kwa ngozi za kahawia na nyeusi, yaliongezwa baadaye. Mamilioni ya watu wenye rangi zinazopishana sana, kutoka Mwambao hadi Maziwa Makuu, wanaingizwa katika visanduku hivyo viwili vya mwisho.

Athari yake huonekana wazi katika vifaa vya kuondoa nywele. Nadharia iliyochapishwa na Anderson na Parrish mwaka 1983 ilieleza jinsi mwanga unavyoweza kuchagua shabaha kwa rangi yake: melanini ya unywele hunyonya nishati na kuharibu mzizi, huku ngozi inayouzunguka ikibaki salama. Sharti ni kwamba ngozi iwe nyeupe kuliko unywele. Leza ya kwanza ya kuondoa nywele iliyoruhusiwa kutumika nyumbani nchini Marekani, mwaka 2008, haikuwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, na mpaka leo vingi vya vifaa vya aina hiyo huonyesha kwenye karatasi ya maelekezo safu ya rangi ambamo visanduku vya mwisho vimewekewa alama ya kukatazwa. Mnunuzi anayepokea kifaa cha mkono wa pili bila karatasi hiyo hukosa onyo ambalo ni muhimu kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Hakuna mazoea mazuri yanayoweza kurekebisha hilo; kwa kifaa hicho tabia inayofaa ni kutokukitumia.

Taa za LED hazina hatari ya kiwango hicho, ila nazo hazilingani kwa ngozi zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mwanga unaoonekana kwa macho, bila urujuanimno, uliifanya ngozi yenye melanini nyingi iwe nyeusi zaidi na kubaki hivyo kwa majuma, wakati ngozi nyeupe haikubadilika vile. Tafiti za mwanga mwekundu nazo zimeona kwamba kiwango kinachovumilika ni cha chini zaidi kwa ngozi zenye rangi. Kwa mtu mweusi mwenye chunusi, doa jeusi linaloachwa na chunusi mara nyingi humsumbua kuliko chunusi yenyewe. Taa ikipunguza chunusi huku jua la mchana likikoleza madoa, kioo kitamwambia kwamba kifaa hakifanyi kazi. Kwa sababu hiyo losheni ya kukinga jua yenye rangi, inayochanganywa oksidi za chuma ili izuie pia mwanga unaoonekana, pamoja na mtandio, kofia au mwavuli, vina uzito mkubwa kuliko namba ya taa zilizopangwa ndani ya barakoa. Vinapaswa kutumika mchana, baada ya taa ya jana usiku na kabla ya taa ya leo.

Kuna pia jambo la mkorogo. Krimu za kujichubua zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali zimepigwa vita kwa sheria katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga kuondoa zebaki katika vipodozi duniani kote, lakini bado zinapatikana. Ngozi iliyopunguzwa melanini na kukondeshwa na steroidi haina kinga iliyokusudiwa na mtengenezaji yeyote wa taa. Mtu anayechanganya mkorogo asubuhi na taa usiku anafanya jaribio ambalo halijawahi kufanywa hospitalini. Maelekezo ya vifaa hutaja dawa zinazozidisha athari za mwanga, kama vile doksisaiklini ambayo wengi hupewa kwa chunusi, ila mkorogo hautajwi kwa jina, kwa kuwa walioandika maelekezo hayo hawakuwa na mtumiaji wake akilini.

Mwaka 2019 barakoa moja maarufu ya mwanga dhidi ya chunusi, iliyokuwa ikiuzwa na kampuni kubwa ya Marekani, iliondolewa sokoni. Sababu iliyotolewa ilikuwa macho: iliaminika kwamba kwa idadi ndogo ya watu wenye magonjwa fulani ya macho, au wanaotumia dawa zinazoyafanya macho yasivumilie mwanga, matumizi ya kurudiwa yangeweza kudhuru retina. Kifaa kilikuwa na saa ya kujizima. Hakikuwa na mtu wa kuuliza, kabla ya kukiwasha, mtumiaji anaumwa nini na anameza nini. Katika picha za zamani za vyumba vya taa ya Finsen, wagonjwa wamelala na wauguzi wameinama juu yao, kila mmoja akiwa ameshika kibanio chake, na wauguzi hao wamevaa miwani ya giza.